Vidole au vizidishi? Barua kutoka Iyunga

*Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa elektroniki hapa Iyunga, Mbeya. Mradi wangu ni amplifaya ndogo ya hatua mbili, natumia faili huria za SKY130, teknolojia ya chipu ya kiwanda cha SkyWater. Kwenye jozi ya kuingilia nahitaji transista mbili za aina ya N, kila moja upana wa mikromita 40 na urefu wa 0.5. Programu inaniuliza namba mbili: vidole, yaani nf, na vizidishi, yaani m. Nimejaribu vidole 8 na kizidishi 1, nikajaribu kidole 1 na vizidishi 8, kisha vidole 2 na vizidishi 4. Zote jumla yake ni 40, na ngspice, programu ya simulesheni, inanipa mkondo ule ule, zinapishana kidogo sana. Msimamizi wangu anasema weka vidole, ndiyo kawaida. Kaka mmoja aliyemaliza mwaka juzi anasema vidole ni uvivu, weka vizidishi. Hii ni wiki ya pili nimekaa na ramani hii. Nishike lipi?*
— Mwanafunzi, Iyunga

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwa sababu swali hili lilinipotezea miezi nilipokuwa mchoraji mchanga wa chipu na sitaki likupotezee wewe. Jibu la jozi yako ni vidole 2, vizidishi 4. Sasa nikueleze sababu, maana ukifika hatua ya pili ya amplifaya jibu litabadilika, na itabidi ulipate mwenyewe.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuchora: transista ya MOS ukiitazama kutoka juu ni kipande cha silikoni kilichopitiwa katikati na mstari mwembamba wa polisilikoni. Mstari huo ndio geti. Upande mmoja ni sosi, upande wa pili ni dreni, na mkondo unavuka chini ya mstari. Tunachokiita upana wa transista ni urefu wa mstari huo kutoka juu hadi chini, jambo linalomchanganya kila mgeni. Upana wa mikromita 40 kwa urefu wa nusu mikromita ni kitu kama ufito: mrefu, mwembamba, haukai popote kwenye ramani. Kwa hiyo tunaukata.

Mimi ni mtoto wa Umalila. Kwetu ni viazi mviringo na pareto, na hadi leo nikichora transista naona matuta. Tuta ni geti. Mfereji wa upande mmoja wa tuta ni sosi, wa upande wa pili ni dreni. Ukiwa na tuta moja la hatua 40 unalikata vipande vinane vya hatua tano na kuvilaza sambamba, na hapo una njia mbili. Unaweza kuyaweka matuta yote manane ndani ya shamba moja, mfereji mmoja ukihudumia tuta la kushoto na la kulia kwa pamoja. Hivyo ndivyo vidole. Au unaweza kugawa vishamba vinane, kila kimoja na tuta lake, mifereji yake miwili na mpaka wake. Hivyo ndivyo vizidishi.

Chukua kalamu tuhesabu mifereji. Matuta manane katika shamba moja yana mifereji tisa, ukihesabu na ile ya pembeni. Tukianza na sosi na kumaliza na sosi, tunapata sosi tano na dreni nne. Vishamba vinane vyenye tuta mojamoja vina mifereji kumi na sita: sosi nane, dreni nane. Dreni zimekuwa mara mbili kwa matuta yale yale. Mifereji hii hailipi kodi ya nafasi peke yake. Kila mmoja una kapasitansi kati yake na silikoni iliyo chini, ni kama mtungi unaopaswa kujazwa na kumwagwa kila volteji inapopanda na kushuka. Amplifaya yenye mitungi mingi kwenye dreni inachelewa.

Kwa namba za SKY130: skematiki, yaani mchoro wa sakiti, ya programu ya xschem inapokadiria eneo la dreni inachukua mfereji wa upana wa mikromita 0.29. Kidole chako kina mikromita 5. Vidole 8 katika kipande kimoja vinakupa dreni nne, yaani 4 mara 5 mara 0.29, sawa na mikromita za mraba 5.8. Vizidishi 8 vya kidole kimojakimoja vinakupa 11.6. Hapo msimamizi wako ana haki kabisa, na yule kaka angepaswa kuhesabu kabla ya kusema uvivu.

Lakini hesabu na ile njia yako ya tatu. Kila kipande kina vidole viwili, kwa hiyo mifereji mitatu: sosi, dreni, sosi. Dreni iko katikati, inatumiwa na matuta yote mawili. Vipande vinne vina dreni nne. Ni 5.8 ile ile! Kilichoongezeka ni sosi, ambazo zimefika nane badala ya tano. Na kwenye jozi ya kuingilia sosi za transista zote mbili zimefungwa pamoja kwenye nodi ya mkia, ambayo kwa ishara yako ya tofauti haisogei sana. Umehamishia mzigo mahali ambapo hauumizi. Nilipoiona hesabu hii kwa mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani, na bado naona ni kitu kizuri sana: namba shufwa ya vidole inailinda dreni, hata kama kipande ni kidogo kiasi gani.

Kuna wanaokuambia utumie vidole ili kupunguza ukinzani wa geti. Ni kweli, ila sababu hiyo haiamui ugomvi wenu. Chukua polisilikoni ya omu 10 kwa mraba, kwa mfano tu. Geti la 40 kwa 0.5 lina miraba 80, omu 800, na kwa kuwa mkondo wa geti unagawanyika njiani tunachukua theluthi yake, kama omu 267. Ukikata vipande vinane, kila kimoja kina miraba 10, theluthi ya omu 100, na vinane vikiwa sambamba unabaki na omu 4 na kidogo. Umepunguza mara 64, yaani nane mara nane. Lakini faida hiyo unaipata ukikata kwa vidole na unaipata vilevile ukikata kwa vizidishi. Inakukataza ufito mmoja tu.

Sasa nimtetee kaka yako. Tuseme wewe na ndugu yako mmerithi shamba la mteremko, na mvua za miaka zimeshusha udongo mzuri bondeni. Mmelikata vipande vinne, cha juu namba 1, cha chini namba 4. Wewe ukichukua 1 na 3 naye akachukua 2 na 4, jumla yako ni 4 na yake ni 6. Mtagombana. Lakini wewe ukichukua 1 na 4 naye 2 na 3, kila mmoja ana 5. Silikoni nayo ina mteremko: unene wa oksaidi, kiasi cha kemikali kilichopandikizwa, hata joto la transista kubwa iliyo jirani, vyote vinabadilika polepole kutoka upande mmoja wa chipu kwenda mwingine. Jozi ya kuingilia inataka transista zake mbili, tuziite A na B, zilingane kuliko kitu kingine chochote. Ukiiweka A kuwa kipande kimoja cha vidole 8 na B kuwa kipande kingine pembeni yake, umempa mmoja nusu ya juu na mwingine nusu ya bondeni. Vipande vinne vya A na vinne vya B unaweza kuvichanganya. Wewe vipange safu mbili: ya juu A B B A, ya chini B A A B. Hesabu safu, hesabu nguzo, zinalingana pande zote.

Tofauti za bahati nasibu haziponi kwa dawa hii. Marcel Pelgrom na wenzake wa Philips walionyesha mwaka 1989 kwamba hizo zinapungua kadiri ya kipeuo cha pili cha eneo la geti: ukitaka zishuke nusu, ongeza eneo mara nne. Kukata hakubadilishi eneo, kwa hiyo huko huongezi wala hupunguzi kitu.

Jambo la tatu ndilo lililonigharimu. Nikiwa mtoto mama yangu alikuwa akifanya kibarua cha kuvuna viazi kwenye shamba la majaribio, upande wa Uyole. Siku za shule kufungwa nilimfuata. Bwana shamba alikuwa na sheria moja ambayo hakuirudia mara mbili: tuta la kwanza na tuta la mwisho vunia gunia lingine, hayapimwi. Nilimwuliza mama kwa nini, viazi si viazi? Akanionyesha kwa kidole cha mguu, mikono ikiwa imejaa udongo: tuta la pembeni linaliwa na mizizi ya ua upande mmoja, linapata jua zaidi upande mwingine. Viazi vyake si vya hali moja na vya katikati.

Kwenye silikoni, ua ni ukuta wa oksaidi unaozunguka kila kipande ili kukitenga na jirani. Ukuta huo unakibana kipande. Transista ya N ikibanwa hivyo, elektroni zinakwenda polepole na mkondo unapungua. Ya P inapata faida. Kidole kilicho jirani na ukuta kinabanwa sana, cha katikati ya kipande kirefu kinabanwa kidogo. Kwa hiyo vidole kumi na sita vya kipande kimoja si vidole kumi na sita vinavyofanana.

Mwaka wangu wa tatu kazini, nje ya nchi, nilipewa kioo cha mkondo, sakiti inayonakili mkondo kwa uwiano: mikroampea 10 ziingie, 80 zitoke. Transista ya kuingilia niliichora vidole 2. Ya kutokea, ili kubana nafasi, niliichora kipande kimoja cha vidole 16. Mara nane barabara, kwenye skematiki. Ukaguzi wa kulinganisha ramani na skematiki ulipita bila neno, kwa sababu ukaguzi ule unajumlisha upana tu, hauulizi nani yuko pembeni. Tarehe ya kupeleka kazi kiwandani ilikuwa imefika, hatukurudia simulesheni baada ya ramani. Chipu zilipokuja, nikaweka mita: 83 na kitu. Nikapima ya pili, 83. Ya tano, 83. Ingekuwa bahati nasibu zingetawanyika huku na huku, lakini zote zilikosea upande mmoja kwa kiasi kimoja, na hapo nikamkumbuka mama na kidole chake cha mguu. Vidole viwili vya kuingilia vyote viko pembeni. Kati ya kumi na sita, kumi na nne viko ndani. Nilikuwa nimepima tuta la pembeni dhidi ya tuta la katikati.

Kama ningechora kipande kimoja cha vidole 2, kikawa kimoja upande wa kuingilia na vinane upande wa kutokea, kila kidole kingekuwa na ukuta wake kwa umbali ule ule. Hilo ndilo naomba ulishike: nf ni umbo la kipande, m ni idadi ya vipande. Panapotakiwa kulingana, umbo lisiguswe kabisa, badilisha idadi.

Kwa hiyo kwenye jozi yako: kipande cha vidole 2 vya mikromita 5, vinne vya A, vinne vya B, safu mbili kama nilivyokuandikia. Kila mwisho wa safu ongeza kipande cha ulinzi kinachofanana na vingine, geti lake ukilifunga kwenye ardhi pamoja na sosi na dreni yake. Ndilo tuta ambalo halipimwi. Vipande hivyo viandike na kwenye skematiki, la sivyo ukaguzi utavilalamikia. Transista ya mkia, ile inayoipa jozi mkondo, na vioo vyake vitumie vipande vya umbo moja vilevile.

Hatua ya pili ni habari nyingine. Transista ile ya kutokea hailingani na mtu, inasukuma mzigo. Hapo msikilize msimamizi wako: weka vidole, vingi, namba shufwa, dreni ndani. Ila usifanye safu ndefu kama treni ya TAZARA. Vidole vya katikati vikiwa mbali mno na kiunganishi cha ardhi, silikoni ya chini yao inainuka volteji, na metali inayokusanya mikondo ya vidole vyote inabeba mzigo mkubwa mwishoni. Ikifika vidole kama ishirini hivi, mimi huvunja safu mbili na kupitisha ardhi katikati.

*Kamwene mama. Natengeneza redio na simu hapa Mafinga, jioni najifunza kuchora chipu. Nimegundua nikibadilisha nf kutoka 1 kwenda 4 mkondo haubadiliki, lakini mafunzo niliyoyafuata mwanzo yalikuwa yanaonyesha unazidi mara nne. Nimekosea wapi?*
— Fundi, Mafinga

Kamwene. Hujakosea, umekutana na faili za watu wawili wenye lugha mbili. Kuna faili ambazo W ni upana wa transista nzima, na nf inaugawa. Kuna nyingine ambazo W ni upana wa kidole kimoja, na nf inauzidisha. Alama za SKY130 ni za aina ya kwanza. Kwa yule mwanafunzi wa Iyunga, kipande cha vidole viwili vya mikromita 5 kinaandikwa W 10, nf 2, na m 4. Akiandika W 5 atapata nusu ya transista aliyoitaka, na programu haitamwonya.

Jaribio ulilolifanya ndilo ninalolifanya mimi kila nikipewa faili ngeni, kabla ya kuchora chochote. Transista moja, volteji mbili zisizobadilika, soma mkondo. Badilisha nf pekee, usiguse W. Ukibaki ule ule au karibu yake, W ni jumla. Ukizidi mara nne, W ni ya kidole. Halafu rudisha nf, badilisha m: hiyo lazima izidishe mkondo mara m katika kila faili. Andika jibu kwa kalamu ya wino juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi, maana baada ya miezi miwili hutakumbuka.

Kuna tofauti ndogo utakayoiona nf ikipanda, asilimia chache. Usiipuuze. Kila kidole kina kingo zake mbili, na upana unaofanya kazi kweli si sawasawa na ule uliouchora. Vidole vingi vyembamba vina kingo nyingi. Hii nayo ni sababu ya kutokutengeneza uwiano wa 1 kwa 3 kwa kuchora W ya 5 na W ya 15. Chora kimoja, halafu vitatu.

*Mama, nipo Tukuyu. Laptopu yangu ina gigabaiti 4 tu, na mvua zikianza umeme ni wa kubahatisha. Nisijisumbue? Ndaga.*
— Msomaji, Tukuyu

Jisumbue, mwanangu, tena anza wiki hii. Programu ya Magic ninayochorea ilianza Berkeley, Marekani, miaka ya 1980, mikononi mwa John Ousterhout na wanafunzi wake, kwenye kompyuta ambazo kumbukumbu zake zilihesabiwa kwa megabaiti. Laptopu yako ni tajiri kuliko zile. Faili za SKY130 ziliwekwa wazi na Google na SkyWater mwaka 2020, bila malipo na bila kusaini hati ya siri. Mimi nilipoanza, kuziona tu kanuni za kiwanda kulihitaji mwajiri. Nikikumbuka miaka ile, halafu naona kijana wa Rungwe anaweza kuzifungua mezani kwao, nafurahi kwa namna nisiyoweza kuificha.

Kitakachokuchosha ni ngspice wakati wa kupakia modeli, maana faili ni kubwa na inachukua muda. Pakia kona moja tu (kona ni modeli za hali fulani ya kiwanda), tt, yaani ya kawaida, mpaka sakiti ikae sawa, ndipo ujaribu nyingine. Kwenye Magic, andika :save kila unapomaliza kipande, usisubiri jioni.

Na hapa vizidishi vitakusaidia kwa njia ambayo haimo vitabuni. Kipande chako cha vidole viwili kichore mara moja kama seli inayojitegemea. Kiite ndani ya ramani kubwa kwa :getcell, kisha kirudie kwa :array. Siku ukigundua kontakti moja iko karibu mno na geti, unarekebisha seli moja na nakala zote zinarekebika. Anayechora vidole 16 kwa mkono anarekebisha mara 16, na ya kumi na tatu ataisahau. Umeme ukikatika katikati ya kazi, chukua karatasi ya miraba na penseli. Panga A na B zako safu mbili, jumlisha namba za nguzo, jumlisha za safu, weka matuta ya ulinzi pembeni, na andika kila mfereji kama ni sosi au dreni. Usiwashe laptopu tena mpaka jumla za A na B zilingane.